Maswali ya Wasomaji: Virai vya Kiingereza na Mitego Yake

Barua nyingi za safari hii zimehusu jambo moja: virai vya Kiingereza, yaani yale mafungu ya maneno yanayoitwa "phrases". Walioandika ni watahiniwa wa KCSE hasa, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, lakini wamo pia mzazi, karani na mhudumu wa hoteli. Majibu ni kwa Kiswahili. Mifano tumeiacha kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho kinachochunguzwa. Barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Mwalimu wetu anasema "after the rain" ni kirai na "after it rained" ni kishazi. Yote mawili yana maneno matatu na mimi naona yanasema kitu kimoja. Tofauti iko wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kayole)

JIBU: Maana haitakusaidia hapa, wala kuhesabu maneno. Tafuta kitenzi kinachoonyesha wakati, kisha uulize ni nani au ni nini kinachotenda. Katika "it rained", kitenzi "rained" kinaonyesha wakati uliopita, na "it" ndicho kiima chake. Hicho ni kishazi. Katika "the rain" hamna kitenzi chochote, ni nomino na kibainishi chake "the" tu. Ukiitanguliza "after" unapata kirai kihusishi, yaani kirai kinachoanza na kihusishi.

Tuliolelewa na Kiswahili huteleza hapa kwa sababu lugha yetu huweza kufungasha kishazi kizima katika neno moja. "Iliponyesha" ni neno moja, lakini ndani yake mna kiima, mna wakati uliopita, mna na ile "po" ya kuonyesha lini. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kiima huandikwa peke yake na kitenzi peke yake, kwa hiyo usipoviona vyote viwili kwa macho, anza kushuku kwamba ulicho nacho ni kirai.

Mtego wenyewe ni maneno yanayoishia kwa "-ing". Katika "after washing the dishes", neno "washing" linafanana na kitenzi, lakini halina wakati. Lijaribu hivi: badilisha wakati wa sentensi nzima uone kama neno hilo litatikisika. "After washing the dishes, she left" ikiwa ya kesho huwa "After washing the dishes, she will leave". "Washing" haikubadilika. Sasa chukua "After she washed the dishes, she left" uipeleke kesho: "After she washes the dishes, she will leave". Hapo kitenzi kimebadilika, basi ni kishazi. Baadhi ya wanaisimu huita hata "after washing the dishes" kishazi kisicho na wakati. Shuleni kwetu huitwa kirai, na kwenye mtihani fuata la shuleni.

Kwa nini ujisumbue na tofauti hii? Kwa sababu kuna maneno yanayokubali kirai tu na mengine yanayokubali kishazi tu, na kuyachanganya ni kosa linaloonekana mara moja. "Because of", "despite" na "during" hufuatwa na nomino au kirai nomino, yaani fungu la maneno linaloongozwa na nomino. "Because", "although" na "while" hufuatwa na kishazi. Kwa hiyo "because of he was late" ni kosa. Andika "because he was late" au "because of his lateness". "During I was in school" ni kosa. Sahihi ni "while I was in school". "Despite" nayo haitaki "of" kabisa. Anayeandika "despite of the rain" amechanganya "despite" na "in spite of". "After", "before", "since" na "until" hazina shida hiyo, zinakubali vyote viwili.

Na usiweke nukta mwishoni mwa kirai ukadhani umemaliza sentensi. "Because of the jam on Thika Road." haijasema lolote bado. Iunganishe na sentensi iliyotangulia au inayofuata.

SWALI: Binti yangu aliandika "The list of the new students are on the wall" akakatwa alama. Wanafunzi ni wengi, mbona isiwe "are"? (Mzazi, Umoja)

JIBU: Mzazi, kilichoko ukutani si wanafunzi, ni orodha. Kila kirai nomino kina neno kuu, na kitenzi husikiliza neno hilo peke yake. Mwonyeshe binti yako hatua hizi. Atafute kihusishi cha kwanza katika kirai: "of", "in", "on", "with", "from" au "for". Akate hapo. Kipande cha kushoto ni "The list", na nomino ya mwisho katika kipande hicho ndiyo neno kuu. "List" ni moja, basi kitenzi ni "is".

Jaribu na nyingine: "The price of tomatoes in the estates has gone up." Kata kwenye "of", inabaki "The price", kwa hiyo "has". "The conductors on that bus are rude." Kata kwenye "on", inabaki "The conductors", kwa hiyo "are", hata kama basi ni moja.

Kuna njia ya mkato, nayo anayo tayari kichwani. Aiseme sentensi kwa Kiswahili kwanza. Hakuna mtoto wa Umoja atakayesema "Orodha ya wanafunzi wapya wamebandikwa ukutani". Atasema "imebandikwa" bila hata kufikiri, kwa kuwa upatanisho wa Kiswahili hulifuata neno kuu popote liendapo. Tatizo la Kiingereza ni kuwa neno kuu hufichwa katikati, na nomino iliyo karibu na kitenzi humvuta mwandishi. Kadiri kirai kinavyorefuka ndivyo mvuto huo unavyoongezeka.

Kukata kwenye "of" hakufai pale neno la kwanza linapotaja kiasi. Ukikuta "a lot of", "most of", "half of" au "some of", angalia nomino iliyo baada ya "of": "Half of the bread is stale", lakini "Half of the loaves are stale". "A number of" huchukua wingi ilhali "the number of" huchukua umoja: "A number of pupils are absent", "The number of absent pupils is small". Wanafunzi wengi hukosea hapa. Na "one of" hudai mambo mawili kwa wakati mmoja, nomino ya wingi na kitenzi cha umoja: "One of my friends is a nurse". "One of my friend" husikika kila siku mjini, na kila siku ni kosa.

Pale nomino mbili zinapoandamana bila kihusishi, ya mwisho ndiyo kuu. "A matatu stage" ni kituo. "House bricks" ni matofali na "a brick house" ni nyumba. Nomino ya kwanza imegeuka sifa, na kwa kawaida haichukui "s" ya wingi hata kama imetanguliwa na nambari: "a two-year course", "a ten-kilo bag", "a 14-seater matatu". Vile vibao vya nyumba za kupangisha vinavyosema "3 bedrooms house" vinahitaji kufutwa "s" hiyo: ni "a three-bedroom house".

SWALI: Kwenye barua za ofisi nimezoea kumalizia na "I look forward to hear from you". Mkubwa wangu hugeuza "hear" kuwa "hearing" kila mara na hasemi kwa nini. (Karani, Eneo la Viwanda)

JIBU: Yuko sahihi. Kiingereza kina "to" mbili. Moja ni alama ya kitenzi-jina, kama katika "I want to eat". Ya pili ni kihusishi, na baada ya kihusishi kitenzi huchukua "-ing". Ili uzitofautishe, weka "it" baada ya "to". "I look forward to it" inakubalika, kwa hiyo hiyo ni kihusishi: andika "to hearing". "I want to it" haisemeki, kwa hiyo hiyo ni alama ya kitenzi-jina: andika "to hear".

Nyingine unazokutana nazo ofisini ni "object to", "in addition to", "be committed to" na "be used to". Hiyo ya mwisho iangalie vizuri. "I am used to driving at night" maana yake umezoea kuendesha gari usiku. "I used to drive at night" maana yake ulikuwa ukiendesha zamani na sasa umeacha.

SWALI: Asubuhi kwenye Kiswahili tunachanganua sentensi kuwa KN (kirai nomino) na KT (kirai kitenzi), na KT inabeba kila kitu baada ya kiima. Mchana kwenye Kiingereza tunaambiwa kirai kitenzi katika "My mother has been cooking chapati for the guests" ni "has been cooking" peke yake. Nani anatudanganya? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Dagoretti)

JIBU: Hakuna anayewadanganya. Ni mapokeo mawili ya sarufi yaliyokutana katika siku moja ya masomo. Ule mgawanyo wa sentensi kuwa kirai nomino na kirai kitenzi ulienea baada ya kazi za mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky kuanzia mwaka 1957. Kwa mtazamo huo, kitenzi, shamirisho (anayetendewa au kinachotendewa) na vielezi vyote huingia katika KT, na huo ndio uchanganuzi mnaofanya kwenye Kiswahili. Vitabu vingi vya Kiingereza vya shule hufuata mtazamo mwingine, ambao kirai kitenzi ni kitenzi kikuu pamoja na visaidizi vyake, basi. Kwenye karatasi ya Kiswahili beba kila kitu. Kwenye karatasi ya Kiingereza, ukiambiwa upigie mstari kirai kitenzi, pigia "has been cooking" na uache chapati na wageni.

Kilicho na faida kubwa zaidi kuliko ubishi huo ni kujua namna visaidizi vinavyopangana. Mpangilio wake haubadiliki. Kwanza huja kisaidizi kama "will", "can", "must", "should" au "might". Baadaye "have", kisha "be" ya kitendo kinachoendelea, kisha "be" ya kutendwa, na mwisho kitenzi kikuu. Si lazima vyote viwepo, lakini vilivyopo lazima vifuate zamu. Na kila kimoja huamua umbo la neno linalofuata, kama behewa la treni linavyomvuta jirani yake.

Baada ya "will", "must" na wenzao huja umbo la msingi lisilo na "to": "must go", si "must to go". Baada ya "have" huja umbo la tatu la kitenzi: "have gone", "have been", "have written". Baada ya "be" ya kuendelea huja "-ing": "is repairing". Baada ya "be" ya kutendwa huja umbo la tatu tena: "is repaired". "Do" na "did" hutaka umbo la msingi. Sasa pima "The road should have been repaired": "should" imedai "have", "have" imedai "been", "been" ya kutendwa imedai "repaired". Imefungana sawasawa.

Makosa mengi tunayoyaona yanatokana na kukatika kwa mnyororo huu mahali pamoja. "She didn't went" limekatika kwenye "did". "He could have went" limekatika kwenye "have", lilipaswa kuwa "gone". "He has being sick" limekatika hapohapo. Baada ya "has" ni "been" tu. "Being" huishi baada ya "is", "are", "was" na "were": "The road is being repaired". Na "could of" si Kiingereza cha kuandika. Ni "could have" iliyosikika vibaya ikitamkwa haraka, kisha ikaandikwa ilivyosikika.

Wakati hubebwa na neno la kwanza peke yake. Ukitaka kurudisha "has been cooking" nyuma, unagusa "has" tu: "had been cooking". Ukiuliza swali, "has" ndiyo inayoruka kiima: "Has she been cooking?" Ukikanusha, "not" hukaa baada yake. Kielezi kikijipenyeza katikati, kama "has always been cooking", si sehemu ya kirai kitenzi kwa hesabu ya shuleni. Kiruke unapopiga mstari.

SWALI: Mgeni aliniuliza hali ya hewa nikamjibu "In Nairobi is cold in July". Alielewa lakini mwenzangu akanicheka. Nimekosea nini? (Mhudumu wa hoteli, Westlands)

JIBU: Umetafsiri muundo wa Kiswahili neno kwa neno. Kwetu mahali panaweza kuwa kiima: "Nairobi kuna baridi", "Sokoni kumejaa watu", "Nyumbani mwake mnapendeza". Kiingereza hakina upatanisho wa mahali wa namna hiyo, na kirai kinachoanza na "in" au "at" kwa kawaida hakiruhusiwi kukalia kiti cha kiima. Una njia mbili. Ondoa kihusishi ili mahali pawe nomino: "Nairobi is cold in July". Au tafuta kiima cha kujaza nafasi: "It is cold in Nairobi in July".

Pale Kiswahili kinaposema "kuna", Kiingereza mara nyingi hutaka "there": "There are many people in the market". Ukiandika "In the market is full of people" kosa ni lilelile. Sema "The market is full of people".

Utakutana na sentensi kama "At the gate stood two guards" ukadhani tumekupotosha. Kiima humo ni "two guards", kimesukumwa nyuma ya kitenzi kwa ajili ya mtindo. Ndiyo maana ikiwa ya wakati uliopo ni "At the gate stand two guards", kwa umbo la wingi.

SWALI: Kirai chenye "-ing" leo tunaambiwa kinafanya kazi ya nomino, kesho kivumishi, keshokutwa kielezi. Kuna namna ya kuvitofautisha bila kukariri? (Mwanafunzi wa chuo, Ngara)

JIBU: Ipo. Tuchukue maneno yaleyale, "selling clothes in Gikomba", tuyaweke mahali patatu.

"Selling clothes in Gikomba needs patience." Badilisha kirai chote kwa "it": "It needs patience". Imekubali, basi kirai kinafanya kazi ya nomino, na hapa ndicho kiima. Angalia pia kitenzi: ni "needs", kwa umoja, ijapokuwa "clothes" ni wingi. Kiima ni kitendo kimoja cha kuuza.

"The women selling clothes in Gikomba start work before dawn." "It" haiingii hapa. Badala yake, ongeza "who are" kabla ya "selling": "The women who are selling clothes". Imekubali, basi kirai kinaeleza nomino iliyokitangulia, sawa na kivumishi.

"Selling clothes in Gikomba, she learned how to bargain." Hapa "it" haiingii, wala "who are" haiingii. Kiondoe chote: "She learned how to bargain". Sentensi imesimama bila jeraha, na kilichoondoka kilikuwa kinaeleza ni lini au ni katika hali gani. Wengi hukiweka upande wa kielezi. Vipo vitabu vinavyosema kinaeleza "she", hivyo ni kivumishi. Swali likikutaka utaje aina yake tu, jibu "participial phrase" utakuwa salama katika sentensi hii na ile ya pili. Ile ya kwanza ni "gerund phrase".

Virai vya "to" navyo huzunguka vivyo hivyo. "To own a stall is her dream" hufanya kazi ya nomino. "She found a stall to rent" hueleza kibanda. "She saved to buy a stall" hueleza kusudi, na ukitaka hakika badilisha "to" kwa "in order to". Ikikubali, ni kielezi.

Kosa kubwa la virai vya "-ing" ni kukiacha kirai kikining'inia. "Walking along Moi Avenue, the rain started." Kwa kanuni ya Kiingereza, mtendaji wa "walking" ni kiima cha kishazi kinachofuata, na kiima hicho ni "the rain". Kwa hiyo umeandika kwamba mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea Moi Avenue. Mswahili akisema "Nikitembea Moi Avenue mvua ikaanza" hakosei, kwa sababu "ni" ya "nikitembea" imemtaja mtembeaji. "Walking" haimtaji mtu yeyote. Kuna tiba mbili: ama umfanye mtembeaji awe kiima cha kishazi kikuu, "Walking along Moi Avenue, I was caught in the rain", ama ukigeuze kirai kuwa kishazi, "As I was walking along Moi Avenue, the rain started". Kila unapoanza sentensi na "-ing", ruka hadi baada ya koma usome neno la kwanza. Kama si mtendaji wa kitendo hicho, rekebisha.

Koma nazo si mapambo. "The passengers standing near the door fell" ina maana kwamba walioanguka ni wale tu waliokuwa karibu na mlango. "The passengers, standing near the door, fell" ina maana kwamba abiria wote walikuwa karibu na mlango na wote wakaanguka. Ukiandika taarifa ya ajali, tofauti hiyo si ndogo.

SWALI: "Phrasal verb" nayo ni aina ya kirai? (Mtahiniwa, Githurai)

JIBU: Hapana, licha ya jina lake. Ni kitenzi cha maneno mawili au matatu, na hukaa ndani ya kirai kitenzi kama kitenzi kingine chochote. Mara nyingi utakitambua kwa kuweka kiwakilishi: "turn off the light" huwa "turn it off", kiwakilishi kinaingia katikati. Katika "look at the light" haiwezekani kusema "look it at", kwa sababu "at" ni kihusishi na kimeshikamana na nomino inayokifuata. Vivyo hivyo "He ran up the hill" ina kirai kihusishi "up the hill", lakini "He ran up a bill" ina kitenzi "ran up", yaani aliacha deni likue.

Hapa Nairobi kipande cha pili hupotea sana. Watu husema "Pick me at the stage" wakimaanisha "Pick me up at the stage". Kwenye mazungumzo hakuna anayelalamika. Kwenye insha andika "up", maana "pick" peke yake ni kuchuma au kuchagua. Na "Off the lights" haina kitenzi. Ni "Switch off the lights".

SWALI: Niliulizwa nitaje aina ya kirai katika "He came last Friday" nikaandika "adverb phrase" kwa kuwa kinaeleza lini. Nikapewa sufuri. Si haki. (Mtahiniwa wa KCSE, Kawangware)

JIBU: Sufuri inauma, lakini msahihishaji hakukosea. Uliulizwa aina ukajibu kazi. Aina hutokana na neno kuu, na kazi hutokana na mahali kirai kilipokaa katika sentensi. Neno kuu la "last Friday" ni "Friday", ambalo ni nomino. Kwa hiyo aina yake ni kirai nomino, na kazi yake humo ni ya kielezi. Vivyo hivyo "every morning", "this week" na "two years ago" vinaonyesha wakati, lakini viwili vya kwanza ni virai nomino na cha tatu kwa kawaida huhesabiwa kirai kielezi kwa sababu ya "ago".

Linganisha "He came early in the morning", "He came in a hurry" na "He came last Friday". Vyote vitatu vinafanya kazi moja. Cha kwanza kinaongozwa na "early", hivyo ni kirai kielezi. Cha pili kinaanza na kihusishi "in", hivyo ni kirai kihusishi. Cha tatu tumeshakisema. Sarufi katika karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2, ina alama 15 kati ya 80, na swali moja la namna hii linaweza kukugharimu alama mbili kwa neno moja tu la maagizo. Pigia mstari neno "type" au "function" kabla ya kushika kalamu ya kujibu.

Kirai kivumishi hakina mengi, isipokuwa mahali pake. Kikiwa kifupi hutangulia nomino: "a very small jacket". Kikiwa na mkia wake huja baada ya nomino: "a jacket too small for me". "A too small for me jacket" haikubaliki. "Enough" hufuata kivumishi: "old enough", si "enough old". Na "friendly" ni kivumishi licha ya "-ly" yake, kwa hiyo "He spoke friendly" haifai. Andika "He spoke in a friendly way".

Ulitaja pia, kwenye barua yako, sentensi ya zoezi "The policeman stopped the driver with a whistle", na kwamba darasa liligawanyika. Liligawanyika kwa haki. Kirai "with a whistle" kinaweza kushikamana na "stopped", kikawa kielezi: askari alimsimamisha dereva kwa filimbi. Kinaweza pia kushikamana na "driver", kikawa sehemu ya kirai nomino: alimsimamisha dereva mwenye filimbi. Kiswahili kinakulazimisha uchague kati ya "kwa" na "mwenye", Kiingereza kinakuacha njia panda. Weka "him" mahali pa shamirisho. Ikiwa unakusudia "The policeman stopped him with a whistle", kirai kiko nje ya nomino na filimbi ni ya askari. Ikiwa "him" imemeza kila kitu ukabaki na "The policeman stopped him", kirai kilikuwa ndani na filimbi ni ya dereva. Katika jibu la mtihani taja maana zote mbili. Katika insha yako mwenyewe usimwachie msomaji kazi hiyo: andika "used a whistle to stop the driver" au "stopped the driver who had a whistle".